Muulize Doto Kwanza

Kulwa,

Marahaba.

Najua hujanisalimia. Lakini kwa miaka tisa uliingia chumba cha habari, ukaweka mkoba kitini, ukasema "Shikamoo dada" kabla hujanitazama, nami nikajibu bila kuinua kichwa. Leo nimeandika jina lako juu ya karatasi na mkono ukaandika jibu wenyewe. Nimeliacha kama lilivyo.

Ni Jumatano, saa saba mchana. Wenzetu wamekwenda kula. Arobaini yako imepita jana, na mbele yangu kuna daftari lenye maelezo ambayo hayataki kuwa habari. Unajua ninavyofanya kazi: nani, nini, wapi, lini, vipi, kwa nini. Matano ya kwanza ninayo. La sita ninalo vipande, na mwenye nalo lote ni wewe. Ndiyo sababu nakuandikia. Sidhani kama barua hii itafika popote. Ila mwandishi akikosa chanzo chake huacha ujumbe, hata kama simu imezimwa.

Nianze na yaliyobadilika. Kiti chako anakikalia Rehema, binti wa Igogo, baba yake ni fundi cherehani. Amesoma hiyo kazi yenu ya kompyuta chuoni, anaongea upesi kuliko wewe, na anakunywa chai bila sukari, jambo ambalo Mzee Lugata wa getini bado hajamsamehe. Mkurugenzi ni yuleyule. Feni ya dirishani bado inagonga. Kikombe chako nimekiweka kabatini, kwa sababu kila aliyekichukua alikirudisha bila kukitumia, na zoezi hilo lilikuwa linatuchelewesha.

Kazi ya kwanza aliyopewa Rehema ilikuwa ndogo. Mkurugenzi amepata programu mpya ya kutuma taarifa za redio yetu kwenye simu za wasikilizaji, kuanzia hapa mjini hadi visiwani. Programu hiyo inataka Python 3.13. Mashine zetu mbili zina 3.11. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya kutoa toleo la zamani la lugha na kuweka jipya, basi. Hata mimi nilielewa. Ulinieleza mwenyewe kwamba Python ni lugha mnayoandikia kompyuta maagizo, kwamba kila toleo jipya huja na mambo yake na huacha mengine njiani. Nilipokuuliza maana ya jina lenyewe ukasema ni chatu, na Mzee Lugata akadakia kutoka mlangoni, "Chatu? Humu ndani? Na wacheza ngoma ya nyoka wako wapi?" Tangu siku ile ofisi nzima husema chatu. Chatu amelala. Chatu amegoma. Wageni hutuangalia.

Jumatatu ya wiki iliyopita Rehema aliweka chatu mpya kwenye mashine zote mbili, zile ulizozipa majina kulwa na doto. Saa nne na dakika kumi nilipokea taarifa ya majaribio kwenye simu yangu. Saa nne na nusu programu ikakataa. Rehema akaangalia, akakuta toleo ni 3.11.

"Dada, umegusa?"

Mimi huwa sigusi. Akaweka tena. Saa tano kamili, 3.11. Akaweka mara ya tatu, akakaa mbele ya mashine amekunja mikono kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Saa tano na nusu yakafurika mbele ya macho yake.

Mzee Lugata alikuwa ameshafika mlangoni. Akasema, "Msimsumbue mwenye mali. Hajaaga huyo." Rehema akacheka. Kisha akaacha kucheka. Kisha niliona midomo yake ikisoma dua taratibu, na haikuwa kwa Kiswahili.

Mimi niliandika saa. Nne na nusu, tano kamili, tano na nusu. Nikamwambia Mzee Lugata kwamba mizimu haitazami saa ya ukutani. Akanijibu, "Huyu alikuwa anaitazama." Ni kweli, hukuwahi kuchelewa hata siku moja.

Nilikaa na nyakati zile tatu mpaka mchana. Ndipo nikakumbuka sato.

Tulikuwa kwa mama lishe pale Igogo, mwaka wako wa pili au wa tatu, wewe unachambua samaki upande wa kichwa, mimi nakuuliza kwa nini huonekani ukizunguka kwenye mashine kama mafundi wengine. Ukafuta vidole. Ukasema: "Dada, mimi siweki kitu kwenye mashine. Mimi naandika tu nyumba iweje. Sufuria ikae hapa, kinu pale, chatu wa namba fulani kwa huyu, chatu wa namba fulani kwa yule. Halafu Mkwe anapita. Kila nusu saa anapita. Akikuta sufuria haipo mahali pake, anairudisha. Hanung'uniki, hasemi na mtu. Anairudisha tu." Nikakuambia mkwe wa namna hiyo hayupo duniani. Ukasema ndiyo maana ilibidi umtengeneze.

Mkwe, Kulwa. Ile kompyuta ya zamani chini ya meza ya chai. Uliifunika kitambaa cheupe cha kufuma ukasema mkwe haonyeshwi magoti, na sisi tukaweka birika juu yake, tukasahau kwamba chini ya kitambaa kuna mtu kazini. Nilimwonyesha Rehema. Aliinua birika, akainua kitambaa, akaona taa ndogo ya kijani inapepesa.

"Vyombo hivi tulivisoma chuoni," akasema. "Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kwenu kipo kimoja na kimekaliwa na birika."

Kwa hiyo hakukuwa na uchawi. Ulikuwa umekufa siku thelathini na mbili, na agizo lako lilikuwa linatekelezwa mara arobaini na nane kwa siku. Niliandika sentensi hiyo daftarini. Niliisoma. Kila neno ni sahihi na bado sijui inasema nini.

Jumanne asubuhi Rehema alifungua faili lako. Nilikaa pembeni yake. Nilidhani ningeona mambo ya kitaalamu, nikakuta karibu ni orodha ya vyombo vya nyumbani: jina la mashine, kitu gani kiwepo, toleo gani. Na katikati, mistari inayoanza na alama ya reli, ambayo Rehema alisema kompyuta huiruka, ni ya kusomwa na binadamu. Hapo ndipo nilipokusikia.

*# kulwa ana joto, feni isafishwe.*

*# doto amechoka, apunguziwe kazi mchana.*

*# Mkwe asizimwe na mtu yeyote, hata akiomba.*

Na juu ya mistari miwili ya chatu, huu:

*# 3.11 isibadilishwe. Muulize Doto kwanza.*

Rehema alifanya ambalo fundi yeyote angefanya. Alimpumzisha Mkwe kwa saa moja, akaenda kwenye mashine ya doto, akaweka toleo jipya, akajaribu programu zote tunazotumia. Zote zikafanya kazi. Akakuta humo folda moja kubwa inaitwa *za_doto*, ina mafaili ya ajabu yasiyofunguka. Akaona ni vitu vya mashine yenyewe, kama jina linavyosema. "Nimemuuliza doto," akasema. "Doto hana neno." Kisha akamrudisha Mkwe kazini, na chatu wa zamani akarudi.

Mkurugenzi alisikiliza, akaamua. Ijumaa saa nne asubuhi mashine zote tatu zifutwe kabisa, Mkwe wa kwanza, na kila kitu kianze upya. "Nilimpenda yule kijana," alisema, "lakini ofisi haiwezi kupangiwa na marehemu." Hakukosea. Hakuna aliyekosea mpaka hapo.

Mimi ndiye niliyebaki na neno moja kama mwiba wa samaki kooni. Muulize.

Mashine huulizwa vipi? Kama ungekuwa unasema juu ya mashine ungeandika "iulize." Hilo lilinifurahisha kwa muda wa dakika tano. Kisha nikasoma tena: doto *amechoka*, kulwa *ana* joto. Mashine zako zote ulizipa utu. Sarufi ikanikataa.

Nikarudi mwanzo wa faili, nikapita mstari kwa mstari na kalamu, kama ninavyopita habari ya mtu nisiyemwamini. Mashine ya doto umeitaja mara saba. Mara zote saba kwa herufi ndogo. Mara moja tu, kwenye mstari ule, umeandika D kubwa, na si mwanzo wa sentensi.

Unakumbuka tangazo lako la kwanza ukutani? Uliandika majina ya watu wote wa zamu kwa herufi ndogo. Nikalirudisha mezani kwako na kalamu nyekundu. Ukasema, "Dada, mashine hazipendi herufi kubwa." Nikakuambia mashine si mtu, na jina la mtu huanza na herufi kubwa hata kama mtu mwenyewe hana adabu. Ukalibandika tena, umesahihisha yote, na kwenye jina langu umeandika herufi zote kubwa. Likakaa hapo mwaka mzima.

D kubwa. Kwenu hakuna ajabu ya jina, mapacha wote Usukumani ni Kulwa na Doto, na mashine zetu ulizipa majina hayo kwa sababu zilifika siku moja ndani ya boksi moja. Sote tulisahau kwamba kabla ya mashine kulikuwa na mtu. Ushahidi huo hautoshi kutangaza. Ulitosha kupanda meli.

Jumatano nilikwenda Nansio kisiwani, kwa Doto, pacha wako. Dada yako nilikuwa nimemwona mara moja tu, makaburini, na siku ile sikumtazama usoni. Nilikuwa na sababu. Mna uso mmoja.

Nilimkuta shuleni kwake, darasa la tatu wametoka, anasahihisha madaftari. Aliniona mlangoni, akanyanyuka kunitafutia kiti, akaondoa mkoba wake juu yake, na akiwa bado ameinama akasema, "Shikamoo dada."

Sikujibu, Kulwa. Nina miaka hamsini na mbili, nimeamkiwa nikasimama kama mti. Alirudia. Nikasema nimechoka na safari.

Nikamweleza nilichokuja nacho. Nilieleza vibaya. Chatu, Mkwe, birika, nusu saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chatu? Kulwa? Huyo alikuwa anakimbia mjusi." Kisha, "Dada, mimi kompyuta naiona kwa mwalimu mkuu tu. Mimi niulizwe nini?"

Nikamsomea mstari wako kama ulivyo. *3.11 isibadilishwe. Muulize Doto kwanza.*

Akaweka kalamu chini. Akafungua droo, akatoa daftari kubwa la jalada gumu. "Anataka mjue kama nimemaliza," akasema. "Bado."

Sasa haya unayajua, lakini nayaandika ili uone kama nimeyaelewa sawasawa. Stesheni ina sauti za zamani, zilizorekodiwa kwa vile virekodi vya kwanza, wazee wakisimulia kwa Kisukuma. Ziko katika mtindo ambao kompyuta za leo hazijui kuufungua. Chatu wa 3.11 bado alikuwa na uwezo huo ndani yake, wa 3.13 ameuacha njiani. Ulizikusanya zote kwenye folda moja. Kila Jumapili ulifungua moja, ukaigeuza, ukamtumia dada yako kwenye simu. Akitoka kanisani anaisikiliza, anaandika maana yake kwa Kiswahili kwenye daftari lile, kisha anakupigia na kukusomea. Kwa sababu Kisukuma chako, kwa maneno yake, kilikuwa cha kuombea chumvi, cha mjini Mabatini, umekulia kwa mjomba.

*za_doto*. Si za mashine. Za Doto. Na Ijumaa saa nne zingefutwa na mtu mwenye nia njema.

Zimebaki kumi na tisa. Nilipoona orodha yake imeandikwa kwa mkono wake nyuma ya daftari, nikamuuliza kwa nini moja imepigiwa mstari chini.

"Hiyo ni ya marehemu mama," akasema. "Kulwa aliniletea mara nne, nikamwambia niletee nyingine kwanza. Bado sijaweza." Akanyoosha karatasi ambayo haikuwa imekunjamana. "Anaeleza alivyozaa mabasa, mapacha, na nyimbo walizomwimbia. Na wewe umo."

"Nimo wapi?"

"Wewe ndiye unayeuliza mle ndani. Hukujua?"

Sikujua. Ninaandika tena kwa sababu nimejaribu siku saba na sikumbuki: sikujua. Niliwahi kufanya kipindi juu ya mapacha, hilo ni kweli, kabla hujaajiriwa. Nilihoji akina mama kadhaa katika vijiji vitatu. Nimehoji watu wengi sana. Huyo mama simuoni. Doto akasema mama yenu alinikumbuka mpaka mwisho, kwamba nilikataa kiti nikakaa naye mkekani. Huenda. Ni jambo ambalo ningeweza kufanya. Siwezi kulithibitisha.

Miaka tisa meza kwa meza. Tumekula sato pamoja mara ngapi? Na hukuniambia. Ulikuwa na sauti yangu ikimuuliza mama yako maswali, ukaja asubuhi ukaniamkia, ukaniuliza kama intaneti inakwenda vizuri. Ulikuwa unasubiri nikumbuke mwenyewe? Ulinikasirikia? Au kwako halikuwa jambo kubwa?

Nilimpigia Rehema kutoka palepale shuleni. Nikamwambia za_doto isifutwe, doto si doto, doto ni Doto. Akasema, "Dada, rudia hiyo taratibu kama unasoma taarifa ya saa mbili." Nikarudia. Nikasikia anakimbia.

Baada ya dakika kumi akapiga. Amefungua moja kwa chatu wa zamani, imesikika, mzee mmoja anacheka. Amejaribu kwa chatu mpya, imekataa kabisa. Kwa hiyo ulikuwa na sababu, akasema. Nilishusha pumzi. Kwa nini, lile la sita, ninalo.

Kisha akaongeza, "Lakini kuna kitu sielewi. Kuzigeuza zote kumi na tisa ni kazi ya dakika ishirini. Ukishazigeuza, humhitaji tena chatu wa zamani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Huyu bwana aliyemtengeneza Mkwe hakulijua?"

Hapo ndipo habari yangu ilipoharibika.

Ulilijua. Haiwezekani hukulijua. Ungeweza kuzigeuza zote mchana mmoja, ukampelekea Doto kwenye simu, ukaweka chatu mpya, ukafuta mstari ule. Badala yake uliifunga ofisi nzima kwenye toleo la zamani, ukamweka Mkwe alilinde kila nusu saa, ukatoa sauti moja kwa wiki kama dawa.

Nikamuuliza Doto. Kwanza akasema, "Labda hakupata nafasi." Sikuandika hilo, hakuliamini mwenyewe. Akachukua daftari, akalifungua, akalifunga. Akasema, "Zingekuja zote kwa pamoja ningezisikiliza kwa siku mbili. Halafu Jumapili ningempigia kwa sababu gani? Sisi si watu wa kupigiana simu kusema habari za asubuhi." Baadaye, ameshanisindikiza hadi getini, akasema jingine, "Au alikuwa ananisubiri nifike kwa mama. Kulwa hakuwa na haraka na mimi. Na wengine alikuwa na haraka."

Kwa hiyo ninayo maelezo matatu. Hukupata nafasi. Ulitaka zile simu za Jumapili. Ulikuwa unamsubiri. Kila moja lina nusu ya ushahidi, na mhariri mimi ningerudisha yote matatu. Nikiwa melini kurudi nilijaribu kuandika aya moja ya kueleza ulichofanya na kwa nini. Niliandika "inaelezwa kwamba." Nikafuta. Tulifika Mwanza ukurasa ukiwa mweupe.

Ijumaa saa nne hakuna kilichofutwa. Nilimweleza Mkurugenzi kwa sentensi tano. Akauliza kama programu ya simu inahitaji mashine zote mbili. Rehema akasema inatosha moja. Basi Rehema akakaa na faili lako akabadilisha mstari mmoja tu: kulwa, 3.13. Wa doto akauacha, 3.11. Tukasubiri. Saa nne na nusu ofisi yote ilikuwa imesimama nyuma ya kiti chake, hata Mkurugenzi, ambaye alijifanya anatafuta kalamu. Taa ya Mkwe ikapepesa. Akapita. Kulwa akabaki na chatu mpya, doto na wa zamani. Hakurudisha chochote.

"Karidhika," akasema Mzee Lugata.

"Mzee, nimebadilisha mstari," Rehema akasema.

"Ndicho nilichosema."

Nilimpigia dada yako kumjulisha. Nikamwambia kulwa amesonga mbele, doto amebaki. Sikupima maneno, nilikuwa nasema juu ya mashine. Akacheka, kicheko chako kile cha puani. "Ndiyo kawaida yake," akasema. "Hata tumboni alinitangulia."

Rehema amezigeuza zote kumi na tisa. Ilimchukua dakika kumi na saba. Ziko salama sehemu mbili. Maana yake ni kwamba tangu Ijumaa hakuna sababu yoyote ya kiufundi ya doto kubaki na 3.11. Rehema aliniambia hivyo, akaweka vidole juu ya kibodi, akanitazama, akasubiri niseme. Mimi, ambaye sijawahi kuruhusu sentensi isiyo na kazi ibaki kwenye habari ya mtu yeyote, nikamwambia aache. Akauliza aandike sababu gani. Nikamwomba anipishe kiti.

Ni mara ya kwanza nimegusa. Mstari wako nimeuacha kama ulivyouandika, na chini yake nimeongeza mmoja wangu, kwa alama ya reli, ambao kompyuta itauruka:

*# Doto ni mtu, si mashine. Yuko Nansio. Akisema tayari, ndipo ibadilishwe.*

Mhariri mzuri angeutaka mstari huo tangu mwanzo, Kulwa. Ungetuokolea wiki.

Jumapili iliyopita nilimtumia Doto sauti moja. Moja tu. Saa sita na robo simu ikaita. "Shikamoo dada." Safari hii nilikuwa nimejiandaa, nikajibu kabla hajamaliza neno. Akanisomea maana. Ni mzee anayesimulia juu ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto mpaka alipoimbiwa, na mwimbaji alikuwa na sauti mbaya, na ng'ombe akavuka ili tu asiendelee kuisikia. Tulicheka. Kisha hatukujua la kusema, tukakaa na simu masikioni, kila mtu upande wake wa ziwa. Sikuuliza swali. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa kazi uliyokuwa unaifanya kila Jumapili, na nadhani ni kazi ngumu kuliko ulivyoonyesha. Nadhani. Sijui.

Zimebaki kumi na nane. Nitazituma moja kila Jumapili, kwa mpangilio wako, nami nitakuwa karibu na simu. Ya mama itakuwa ya mwisho. Doto akiwa tayari, nitapanda meli, nitakaa naye mkekani kama inavyosemekana nilikaa na mama yenu, tutaisikiliza pamoja. Nitajisikia nikiuliza maswali. Huenda nikakumbuka. Nisipokumbuka, nitamwambia ukweli. Siku hiyo nikirudi nitaubadilisha mstari wa doto kwa mkono wangu, nami nitangoja mbele ya Mkwe hiyo nusu saa.

Hiyo ndiyo ahadi. Swali la sita naliacha wazi kwenye daftari, na nafasi ya mistari miwili chini yake.

Wenzangu wanarudi, nawasikia kwenye ngazi. Lala salama, Kulwa. Nilikuwa nikiitikia kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Lakini kwenu Kulwa ndiye hutangulia, na sasa umenitangulia hata mimi. Basi zamu imegeuka.

Shikamoo.

Modesta